Moshi wa Wifi

Huko Vale Corço, kijijini Ureno, nyumba hazihesabiwi kwa milango wala kwa vichwa vya watu. Zinahesabiwa kwa mioto. Ukiuliza kijiji kina ukubwa gani utaambiwa kina mioto kadhaa, na kila moto una mwanamke wake, na kila mwanamke ana soseji zake zinazoning'inia juu ya moto huo zikila moshi, tangu baridi inapoingia mpaka mwaka unapogeuka. Msomaji usiyekula nguruwe, niwie radhi mapema. Ningependa kumwacha nguruwe nje, lakini hadithi hii haina pa kupita ila mgongoni kwake.

Sasa, mwanamke anayepeleka nyama yake ikakaushwe kwenye moshi wa jirani, huyo kwa hesabu ya Vale Corço hana moto. Anaweza kuwa na nyumba, mume, shamba la zeituni na kiti chake cha mbele kanisani, lakini moto hana. Hakuna atakayemwambia usoni. Watasema akishapita.

Ndiyo maana Zulmira alipotangaza kwamba fundi anakuja kuingiza jiko la chuma ndani ya meko yake ya mawe, tena alizibe kila upande lisivujishe hata uzi wa moshi, wanawake wenzake walishika videvu. Jiko la namna hiyo ni sanduku la chuma lenye mlango wa kioo. Moto unakaa ndani, moshi unapanda kwenye bomba lake mpaka juu ya paa, na chumba kinabaki na joto tupu. Mjini kila mtu analo. Lakini mjini watu hununua soseji dukani.

"Zulmira ana wazimu," mmoja alisema kisimani.

"Hana wazimu," mwenzake akamjibu. "Ana mume."

Na hilo ndilo lililokuwa neno. Mumewe Amílcar alikuwa amechonga mawe tangu ujana wake, akavuta vumbi mchana, kisha jioni zote za maisha yake akaketi kwenye benchi mbele ya meko ya wazi akavuta moshi. Mapafu yakachoka. Baridi ilipoanza akalazwa hospitali, na alipotoka daktari akatoa sharti moja: joto, bila moshi. Duarte, mtoto wao wa pekee, akampakia baba yake kwenye gari akampeleka Porto, kwenye fleti yake ya ghorofani. Hakufanya vibaya. Mtoto gani angefanya vingine?

Lakini Zulmira alimjua mumewe. Mzee yule akimaliza kipupwe kimoja kule ghorofani, hatarudi. Watasema ngoja kidogo, ngoja pasaka, ngoja kuche vizuri, na siku moja atarudi amelala kwenye sanduku. Kila jioni Zulmira alimpigia simu.

"Unaendeleaje, baba Duarte?"

"Huku... kuna joto." Kisha kimya, pumzi ikitafutwa. "Lakini hakuna... mtu wa kugombana naye."

"Na mkamwana wako je?"

"Ana adabu... mno. Inachosha."

Zulmira alicheka, akakata simu, akalia. Alimkosa mumewe, jamani, na wala hakuona haya. Alimkosa mpaka alikosa hata kule kukoroma kwake. Ndipo akampigia Duarte, akamwambia ataweka jiko.

"Mama, utaweza kweli? Wewe na hizo soseji zako?"

"Nimesema nitaweka."

"Haya. Jumamosi namleta. Ila nakwambia kabisa, nikikuta moshi humo ndani, hata wa sigara ya mgeni, nageuza gari naye. Na safari hiyo sitamrudisha tena. Sitaki kumzika kwa sababu ya soseji."

"Lete mzee wangu," alisema Zulmira. "Maneno mengi ya nini?"

Fundi aliitwa Evaristo. Alikuja na gari lililojaa mabomba, akatandaza turubai sakafuni, akapiga magoti mbele ya meko, akaingiza kichwa na tochi ndani ya dohani. Alikaa humo muda. Alipotoa kichwa, uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama," alisema, "hii si dohani. Hii ni kikaango."

"Una maana gani?"

"Mafuta, mama. Masizi na mafuta ya nguruwe vimeshikana kama lami. Mmetundika nyama humu tangu lini?"

"Tangu babu yake mume wangu alipoijenga."

"Basi na yeye yumo, nahisi nitamkwangua leo."

Akakwangua asubuhi nzima. Zulmira alikuwa ameshateremsha soseji zake jana yake. Ilikuwa ni nyama ya mwaka mzima, nguruwe alikuwa amechinjwa na utumbo umejazwa wiki ile ile, na soseji zilikuwa zimekula moshi siku chache tu, bado laini na zenye rangi ya pilipili. Alizilaza kwenye mabeseni stoo, akazifunika kwa shuka safi, akafunga mlango. Hakutaka kuzitazama. Evaristo aliuondoa mnyororo wa chungu, akaondoa mafiga ya chuma, akapima mdomo wa meko juu, kati na chini, maana mawe ya zamani hayajui kukaa sawa. Palikuwa na jiwe moja upande wa kushoto lililojitokeza. Akalichonga kwa patasi hadi jiko likapata nafasi, lakini nafasi yenyewe ilikuwa ya kidole.

Halafu ikaja zamu ya bomba. Bomba lenyewe lilikuwa refu, la chuma kisichoshika kutu, lenye kujikunja, na lazima literemshwe kutoka juu ya paa mpaka chini kwenye meko. Evaristo akapanda, akatoa vigae kadhaa, akalifunga bomba kamba. Chini hakuwa na mtu wa kulipokea. Zulmira akajifunga kitambaa kichwani, akaingia mwenyewe ndani ya meko.

"Shusha!" alipiga kelele kuelekea juu. "Shusha! Shusha tena! Wee, ngoja, limekwama!"

"Limekwama wapi, mama?"

"Najua mimi? Zungusha! Haya, linakuja. Shusha taratibu, utaniua!"

Kelele zile zilimtoa wifi yake nje. Felisbela, dada yake Amílcar, mjane, aliishi nyumba ya ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na mlango. Wanawake hawa wawili walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi, na katika utani ule kulikuwa na mfupa mmoja ambao Zulmira hakuwahi kuumeza. Mwaka fulani, sikukuu ya kijiji, mbele ya padri na wageni waliotoka Ufaransa, Felisbela alionja soseji ya Zulmira akasema ina kitunguu saumu cha kutosha kufukuza mashetani wa wilaya nzima. Watu walicheka. Zulmira naye alicheka. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwomba wifi yake hata chumvi.

Felisbela akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni, akatazama bomba likiteremka.

"Makubwa! Wifi, siku hizi unajaza nyumba utumbo?"

"Heri utumbo wa chuma," Zulmira alijibu kutoka ndani ya dohani, sauti ikitoka kama ya mtu aliye kisimani. "Hauwezi kupasuka kama wako wa mwaka jana."

"Wangu ulipasuka kwa kunona. Lako hili litanona na nini?"

"Litanona na joto. Kaka yako anarudi Jumamosi."

Felisbela akateremsha mikono. "Anarudi kweli?"

"Anarudi."

"Na hizo nyama zako? Utazitundika wapi?"

"Wifi, una moto wako nyumbani, nenda kautazame usizime."

Felisbela akaenda. Zulmira akabaki ameshika mdomo wa bomba kwa mikono miwili, uso mweusi tii, akijisikia ameshinda na wakati huo huo akijua hajashinda kitu.

Evaristo akateremka. Akaliunganisha bomba na kichwa cha jiko, akaliziba pengo la juu kwa bati na sufu ya mawe, ile pamba isiyoungua, kisha jiko zima likasukumwa ndani ya mdomo wa mawe. Likaingia likilalamika. Juu yake, lile tumbo la dohani lenye upana ambamo soseji zilikuwa zikining'inia, fundi alilifunga mbele kwa mbao zisizoshika moto, akaacha kidirisha cha chuma chenye matundu ili joto linalokusanyika humo litoke chumbani. Kidirisha kilikuwa cha kuchomoa kwa mkono.

"Sasa nisikilize, mama," alisema. "Humu juu ni njia ya joto tu. Usiweke kitu chochote. Si nguo, si kuni za kukausha, si paka."

"Paka atafuata nini humo?"

"Nimeshakuta paka. Na moto wa kwanza na wa pili uwe mdogo, na madirisha wazi, maana rangi ya chuma itanuka kabla haijakomaa. Baada ya hapo utumie mwaloni mkavu, na usiwe na papara."

Akawasha vijiti vichache. Rangi ikanuka kweli, wakafungua madirisha, na kesho yake Zulmira akawasha tena. Siku ya tatu akafunga madirisha, akatia gogo la mwaloni, akavuta kiti.

Jamani, joto lile! Mbele ya meko ya wazi mtu hupata joto usoni huku mgongo ukiganda; ndivyo walivyozaliwa na ndivyo walivyokufa, na hakuna aliyejua kama kuna namna nyingine. Zulmira alikaa pale na kwa mara ya kwanza maishani mwake tumbo na mgongo vikapata joto kwa wakati mmoja. Akavua sweta. Akavua na lingine. Akavuta pumzi ndefu, na pumzi ikawa safi. Akamwona moyoni mumewe ameketi kwenye benchi lake akiwa na shati tu, akaona raha iliyompanda mpaka kooni.

Kisha akakumbuka mabeseni.

Alikwenda stoo akafunua shuka. Nyama ilikuwa imeanza kutoa jasho. Siku mbili tatu zaidi bila moshi na ingekuwa chakula cha mbwa. Angeweza kuvuka njia. Hatua chache tu, na moshi wa Felisbela ulikuwa unapanda pale mbele ya macho yake. Alifika hadi kizingitini. Akaona kijiji kizima kikimtazama akipita na beseni kichwani, ingawa njiani hapakuwa na mtu hata mmoja, akarudi ndani.

Shetani wa ubishi hakosi neno la kumnong'oneza mtu. Zulmira alitazama kile kidirisha cha matundu. Akakichomoa. Ndani mlikuwa na giza na joto zuri, na bomba likipita katikati, na pembeni pale pale palipokuwa pakining'inia soseji tangu enzi za babu.

"Moto ni moto," alijiambia kwa sauti. "Joto linakausha, au halikaushi?"

Akaingiza fito mbili, akatundika soseji zote, akarudisha kidirisha. Ukisimama mbele huoni kitu. Alifurahi kama aliyemdanganya mtoza ushuru.

Jumamosi alfajiri aliwasha moto. Angewasha wa kiasi, yote haya yasingetokea. Lakini mume anarudi! Alitaka Duarte akifungua mlango apigwe na joto usoni mpaka akose la kusema. Akatia gogo, akatia jingine, akafungua hewa yote. Jiko likanguruma. Alipika supu ya kabichi na viazi, akakata mkate, akatandika kitambaa cha sikukuu, akavaa hereni.

Mafuta ya nguruwe hayajui mambo ya heshima. Kwenye moshi wa meko ya wazi, wenye baridi na taratibu, soseji hukauka kidogo kidogo. Mle ndani hazikukauka, ziliiva. Zikatoa jasho, jasho likawa tone, tone likaangukia juu ya chuma chenye moto, na kila tone likapiga chwaa na kugeuka moshi wa buluu. Moshi ule haukuwa na njia ya kwenda ila ile aliyoichonga Evaristo kwa ajili ya joto. Zulmira alikuwa amelipa jiko kisogo, akipanga vijiko. Aliposikia honi ya gari na kugeuka, matundu ya kidirisha yalikuwa yanafuka.

"Mama yangu wee!"

Akapunga aproni. Akafungua dirisha. Lakini mlango ulikuwa tayari umefunguka, na Duarte alikuwa amesimama hapo akiwa amemshika baba yake mkono. Amílcar alikuwa amekonda, amevaa koti kubwa la mwanawe na kofia. Akanusa hewa, uso ukamng'aa.

"Nasikia... soseji," alisema, kisha kikohozi kikamshika. Kilimkunja, kikamtikisa, hakikumwachia. Duarte akamgeuza palepale, akamrudisha garini, akamfunika blanketi, akawasha kipasha joto, akafunga mlango wa gari. Halafu akarudi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Zulmira.

"Ulisema hakuna moshi."

"Ni rangi tu, mwanangu. Fundi alisema chuma kipya lazima kinuke."

"Rangi inanuka pilipili na kitunguu saumu?"

"Rangi za siku hizi..."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Kule ndani uzi mmoja ulikatika. Kitu kikaanguka pwaa juu ya chuma, kikachuruza, na kupitia matundu ya kidirisha ikachungulia ncha ya soseji, nyekundu, inang'aa, kama inayouliza iwapo wageni wamefika.

Duarte aliitazama. Akamtazama mama yake. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni.

"Namrudisha Porto, mama. Nisamehe."

Mficha uchi hazai, na Zulmira alikuwa ameficha uchi wake mle ndani ya dohani mpaka ukamfukuzia mume. Alimwona Amílcar kupitia kioo cha gari, kofia imeshuka machoni, anasubiri kuambiwa aende wapi kama mzigo. Hapo hasira ikamshika, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ilikuwa na nguvu kuliko haya.

"Ngoja," alisema. "Usiwashe gari. Kama uliwahi kunyonya ziwa langu, ngoja."

Akafunga hewa ya jiko. Akachomoa kidirisha kwa mikono mitupu, akapiga yowe, akakitupa. Akaanza kuvuta soseji, fito moja, fito ya pili, mafuta yakimchuruzika viganjani na kumchoma, akazirundika zote ndani ya aproni yake ya sikukuu. Akaacha milango na madirisha wazi, akatoka nje na mzigo wake tumboni unaofuka moshi, akapita mbele ya gari, mbele ya mumewe, mbele ya majirani waliokuwa wametoka kusikia honi, akavuka njia.

Felisbela alikuwa mlangoni kwake. Ameona yote, bila shaka. Yule mama haoni nini?

"Wifi," alisema Zulmira, "nimekuja kuomba moshi."

"Sema tena. Masikio yangu siku hizi yamezeeka."

Majirani wakasogea. Zulmira akaikaza aproni mikononi.

"Nimekuja kuomba moshi!" alisema, safari hii kwa sauti iliyofika kanisani. "Mimi sina moto wa kukaushia nyama tena. Nina jiko la chuma kwa ajili ya mume wangu. Nipe moshi wako, au nizimwage hizi hapa mbwa wale, mimi nirudi kwa kaka yako kabla hajaondoka!"

Felisbela alimtazama mikono yake iliyoungua. Utani ukamwondoka usoni.

"Ingia, mpumbavu we," alisema. "Ingia ndani, unaniungulia mlangoni."

Jikoni kwake moto ulikuwa chini, wa taratibu, na dari yote imefunikwa na soseji zilizobanana. Upande mmoja tu, ule ulio karibu na ukuta, palikuwa na fito tupu.

"Hizo ni zako," alisema Felisbela. "Nilizibana zangu siku ile bomba lilipopanda paani. Nimesubiri, nimesubiri, nikasema huyu mwanamke atazila mbichi kuliko kunijia."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza? Yule ni kaka yangu, Zulmira. Ulidhani nafurahi akae angani huko Porto na mimi hapa natazama benchi lake tupu? Lete mikono." Akaisukuma mikono ile kwenye ndoo ya maji ya baridi. "Sasa nenda. Mimi nitatundika. Na nakwambia, kitunguu saumu bado ni kingi."

Zulmira alirudi mikono ikichuruzika maji. Akamkabili mwanawe katikati ya njia.

"Nilikudanganya. Haikuwa rangi. Jiko halina kosa na fundi hana kosa, kosa ni langu na kiburi changu. Nyama imetoka, haitarudi. Lala hapa leo na baba yako. Kesho ukiona moshi, au akikohoa kwa sababu ya nyumba hii, mchukue. Sitasema neno."

Duarte akaligeukia gari. Kisha akafungua mlango wa gari, akachungulia.

"Baba, wasemaje?"

"Mwambie mama yako..." Amílcar alipumzika, "afunge madirisha. Nasikia baridi."

Ikabidi jiko lipoe kwanza. Duarte mwenyewe akakunja mikono ya shati, akaingiza mkono katika tumbo la dohani, akafuta mafuta kwa matambara na jivu mpaka chuma kikabaki kikavu. Hakusema na mama yake wakati anafuta, ila alipomaliza akamwomba sabuni na akamwita mama. Wakawasha upya, moto mdogo, gogo moja la mwaloni. Amílcar akaketi kwenye benchi lake akiwa na koti. Baadaye kidogo akavua kofia. Alipokula supu alikuwa ameshavua koti, na Zulmira aliona hilo akajifanya hajaona, maana mtu anaweza kuharibu bahati kwa kuitazama sana.

Kesho yake, baada ya misa, Felisbela alivuka njia akiwa na mkate chini ya kwapa. Hakubisha hodi. Alimkuta kaka yake kwenye benchi na shati lililofunguliwa vifungo, miguu peku kwenye sakafu ya mawe, jambo ambalo katika mwezi ule halijawahi kuonekana Vale Corço.

"Hee! Mbona umevaa kama mtalii?"

"Karibu ndani ya Brazili," alisema Amílcar.

"Nimekuja kuleta habari za wagonjwa," Felisbela akasema, akaketi. "Soseji za mkeo zimeiva nusu na nusu mbichi. Hazijui kama ni soseji au mchuzi. Nimezitundika kwa huruma. Wala siwezi kuzila kimyakimya. Maana kwa kitunguu saumu kile, hata mwizi atanaswa kwa harufu."

Zulmira akafungua kinywa ajibu, lakini mumewe akamtangulia.

"We Felisbela, koma," alisema. "Tangu utoto wako mama alikuwa anakuficha chungu, kwa sababu kila ulichopewa ulisema kina kitunguu saumu kingi, hata maziwa, hata maji ya kisima, na bado ulikuwa unakula mpaka tunakukuta umelala na kijiko mdomoni, na padri alipokuja kubariki nyumba akakuuliza dhambi yako ni ipi ukamwambia, baba, dhambi yangu ni kitunguu saumu."

Felisbela akaangua kicheko. Amílcar naye akacheka, kicheko chake kile cha zamani cha kupiga goti kwa kiganja, kirefu, cha kutoka chini kabisa. Kisha wote wakanyamaza. Walikuwa wanasubiri kikohozi. Hakuna aliyesema kwamba anasubiri, lakini Felisbela alikuwa ameshika meza, Zulmira amesimama na mwiko hewani, na Duarte, aliyekuwa akisuuza vikombe, ameacha maji yanatiririka bure.

Hakikuja. Amílcar aliwatazama mmoja mmoja.

"Kuna nini? Nimesema uongo?"

Duarte akafunga bomba la maji. Akajipangusa mikono, akachukua simu, akasimama dirishani akimpigia mkewe.

"Ndiyo, nimeamka salama. Hapana, hana shida. Sikiliza, natoka hapa baada ya chakula. Hapana, nakuja peke yangu." Akasikiliza. "Peke yangu, nimesema. Mzee amefika kwake."

Zulmira akageukia ukuta, akaweka mwiko chini, akajifunika uso kwa aproni mikono yake ikiwa imefungwa vitambaa.

"Unalia nini sasa?" aliuliza Felisbela.

"Silii. Ni moshi."

"Moshi gani, wifi? Humu hamna moshi."

Zulmira akakubali kwamba kweli hamna, akaendelea kulia.